Nilimficha dada yangu tarehe

Mtoto wa dada yangu aliletwa kwangu saa sita usiku, kabebwa na afisa wa ustawi wa jamii, na mfuko mmoja wa nguo. Alikuwa na miezi minane. Mama yake alikuwa ametekwa na heroini.

Tunaishi Marekani. Sheria ya huku ya mwaka 1997 inasema mtoto akikaa mikononi mwa serikali miezi 15 kati ya 22 iliyopita, idara inapaswa kuiomba mahakama imwondolee mzazi haki zake. Hesabu huanza hakimu anapothibitisha kuwa mtoto alitelekezwa au kuteswa, au siku 60 tangu achukuliwe, lolote litakalotangulia. Haimsubiri mama apate nafasi ya matibabu. Dada alisubiri wiki kadhaa, akaingia, akatoka, akarudia kutumia, akaanza upya. Uraibu ni maradhi, na wengi hurudia kabla ya kupona.

Mtoto naye hangoji. Alisimama dede kwangu, akaanza kuniita mama. Siku za kuonana na dada alining'ang'ania sketi kwa mikono miwili. Dada alikuwa akikaa sakafuni, mbali kidogo, akimviringishia mpira taratibu mpaka aunyooshee mkono.

Mimi nilimficha dada tarehe ya mwisho, nikihofia atavunjika moyo akatumie tena. Nilikosea sana. Alipoijua, ilikuwa imebaki miezi minne. Kwa hiyo ndugu yangu, muulize wakili tarehe hiyo wiki ya kwanza, kisha mwambie mgonjwa waziwazi. "Jitahidi" pekee haimsaidii.

Tunzeni kila karatasi ya mahudhurio ya kliniki. Akirudia, asikatishe ziara; aje siku ambayo hajatumia. Ulizeni kituo kinachompokea mama pamoja na mtoto: tangu 2018 sheria inaruhusu fedha za shirikisho zigharimie malezi ya mtoto humo hadi miezi 12.

Na kama mtoto yuko kwa ndugu, lisemeni hilo mapema. Sheria inairuhusu idara isifungue lile ombi la kumwondolea mzazi haki katika hali hiyo. Sisi tulilisikia kwa wakili mwezi wa 11, na ndilo lililompa dada muda.

Sasa mtoto anaishi kwa mama yake. Ijumaa huja kulala kwangu, na nguo zake hupangwa na dada mwenyewe.