Nauza achari, mtu kanipigia simu anataka wifi

Mwenzenu nauza achari. Ya embe, ya ndimu, na pilipili ya kusaga, natengeneza nyumbani Tabata, hapa Dar, napeleka madukani na kwa watu wa maofisini huko Posta, na jina lake ni Mawifi kwa sababu mapishi yenyewe nimefundishwa na mawifi zangu watatu na kwa sababu, jamani, wenyewe mnawajua mawifi walivyo wakali. Sasa lebo ya kwanza nilifanyisha haraka haraka Kariakoo, sehemu moja wanaprinti kila kitu, kadi za harusi, fulana za misiba, risiti, kaka wa pale akaniuliza tu dada unataka rangi gani nikamwambia nyekundu, dakika ishirini kazi imeisha, shilingi 15,000. MAWIFI kwa zile herufi nene za kwenye kompyuta zenye kivuli nyuma, pilipili mbili za kutoa Google upande wa kulia, moto unawaka kushoto, namba ya simu chini. Nikafurahi kweli, nikaweka mpaka status.

Wiki ya pili simu inaita. "Habari dada, samahani, hiyo wifi yenu mnafunga mpaka Mbagala?"

Nikajua utani. Kumbe mwenzangu hatanii, kaiona lebo dukani akiwa amesimama mlangoni, kachukua namba kaondoka. Nikamwambia kaka mi nauza achari. Akanyamaza kidogo, akasema haya dada basi nikihitaji nitakucheki. Kesho yake nikaenda kusimama pale pale mlangoni alipokuwa yeye na ni kweli, kwa mbali inasomeka MA halafu nafasi halafu WIFI, na ule moto wa pembeni ukiuangalia vibaya ni kama yale mawimbi ya mtandao. Sikuwa na wa kumlaumu, niliomba rangi nyekundu na rangi nyekundu nikapewa.

Miezi kama miwili baadaye nipo kituoni Makumbusho nasubiri gari, ukutani kuna bango la usiku wa taarab limechanika upande mmoja. Kwa mbali unaona mwanamke kakaa kwenye kiti, kabinua mdomo, kanga kajifunga kiunoni. Ukisogea ndo unagundua mikunjo yote ya ile kanga ni maneno. Na neno "roho" zile O zake zimevutwa zikazunguka mguu wa kiti, ndefu, zinayumba, yaani vile vile mwimbaji wa taarab anavyoliburuza neno mpaka watu wanainuka kwenda kutunza. Nilisikia sauti kwenye karatasi, asikwambie mtu. Tarehe na mahali vimekaa chini kwenye pindo la kanga, vidogo, vimenyooka, havina mbwembwe. Zikanipita gari mbili za Tegeta nimesimama tu naangalia. Chini kabisa kulikuwa na jina la Instagram la aliyelichora, nikamwandikia hapo hapo, ndo nikampata huyu kijana wa Kigogo ambaye mpaka leo namwita mdogo wangu.

Hayo ninayotaka kuwashauri kabla hamjachoresha lebo mengi nimeyapata kwake, mengine kwa kupoteza hela.

La kwanza, kabla hujalipa mtu jifunze kuangalia, na kuangalia kwenyewe hakuhitaji shule. Yeye alinifundisha kutumia mkono. Chukua kazi yoyote yenye picha na maneno, funika picha kwa kiganja, soma maneno. Halafu funika maneno uangalie picha. Kama hakuna kilichopungua basi hivyo vitu viwili vimekalishwa tu kwenye siti moja kama abiria wasiojuana. Lebo yangu ya kwanza ukifunika pilipili neno liko vile vile, ukifunika neno, pilipili inaweza kuwa ya kiwanda chochote duniani. Lile bango la taarab sasa, ukifunika maneno yule mama anabaki uchi! Nilicheka lakini nikaelewa.

Ila nilimbishia kidogo. Nikamwambia mdogo wangu, mbona kanga? Kanga ina pindo, ina mji yaani ule mchoro wa katikati, ina jina, na jina lenyewe limeandikwa kwa herufi za kawaida kabisa limenyooka mstari mmoja, na mara nyingi halihusiani na mchoro, mchoro ni korosho lakini maneno yanamsema jirani. Kwa mtihani wako wa mkono kanga imefeli. Akafikiri, akasema dada hebu mpe mama yako kanga isiyo na jina uone. Nikampigia mama. Mama akasema hiyo sio kanga, hicho ni kitambaa tu, na kama nina hela za kununua kitambaa nimnunulie kitenge. Kwa hiyo tukakubaliana kwamba maneno na picha kuungana sio lazima vichorwe pamoja, saa nyingine ni kwamba kimoja kikitoka kingine hakina kazi. Na kwenye kanga maana anaimalizia mvaaji, anaivaa siku gani na kampitia nani mbele. Bado naona mimi ndo nilishinda yale mabishano lakini hajakubali.

Alinionyesha kwenye simu kazi za mzee mmoja wa New York, Milton Glaser, alifariki 2020 siku ile ile aliyotimiza miaka 91. Kuna bango alimchorea mwanamuziki Bob Dylan mwaka 1966, uso umegeukia pembeni mweusi tii kama kivuli, nywele ndo zimebeba rangi zote zinapindapinda, na chini neno DYLAN kwa herufi za ajabu alizobuni mwenyewe. Sasa kilichonimaliza ni kwamba wazo la zile herufi, kwa maelezo yake mwenyewe, alilitoa kwenye kibao cha fundi cherehani huko Mexico City, herufi E imechorwa kama na mtu ambaye hajaizoea alfabeti lakini inasomeka bila shida. Kibao cha fundi nguo! Na ni huyo huyo mzee aliyechora ile I, moyo mwekundu, NY mnayoiona kwenye fulana za mitumba kila siku, mchoro wa kwanza kauchora juu ya bahasha ndani ya teksi mwaka 1976. Hebu isome kwa sauti utaona, ukifika kwenye moyo husemi "moyo", unasema napenda, yaani picha imeshika nafasi ya neno na hakuna aliyelalamika.

Toka siku hiyo nikipita Manzese au Tandale shingo iko nje ya dirisha. Vibao vya kuchora kwa mkono bado vipo ingawa mabango ya kuprinti yamevifukuza sana, saluni zenye vichwa vitano vya mitindo, gereji, na kuna bucha moja neno BUCHA limepindishwa likafuata mgongo wa ng'ombe, B iko shingoni A iko mkiani, fundi aliyeichora sijui kama aliwahi hata kuambiwa ahsante. Nakushauri vipige picha. Ukienda kwa dizaina usimpelekee logo ya kampuni ya Marekani ukasema nataka kama hii, mpelekee hivyo vibao, mpelekee kanga ya bibi yako, mwambie hapa nimependa hiki na hapa hiki. Mi nilimpelekea picha ya mawifi zangu wamekaa mkekani wanachambua maembe, nikamsimulia nani anamsema nani na nani amenuna toka harusi ya 2014. Nilidhani napiga umbea kumbe ndo nilikuwa nampa kazi.

Bei ya lebo mpya mdogo wangu alisema laki mbili, nusu advansi. Nikataka kusema herufi sita tu laki mbili? Bahati nzuri nikanyamaza.

Hapa ndo nikaja kujua kwa nini nilipigiwa simu ya wifi. Herufi kubwa A na W zote zimelala, A inalalia huku na W inalalia huku huku, ukizipanga bila kuzisogeza katikati panabaki upenyo, macho yanadhani neno limekatika. Na Kiswahili chetu ndo balaa, A kila mahali, WA, VA, TA, KA, MA, na karibu kila neno linaishia na irabu. Kwa hiyo ukionyeshwa fonti, yaani mtindo wa herufi, usiangalie jina lake wala isikubabaishe mikunjo ya herufi ambazo hatuzitumii, Q na X za nini, mwambie akuandikie WATAVAA kwa herufi kubwa na kwa ndogo uone inakaaje. Tena mwambie aandike ng'ombe uone ile alama ya juu imekaa vizuri au imeisukuma ombe mbali kama imepewa talaka.

Mchoro wa kwanza alionitumia WhatsApp nilitaka kulia. Hakuna pilipili! Hakuna embe! Nikamwandikia mdogo wangu pilipili iko wapi. Akajibu, "Dada, kichupa si cha kioo? Pilipili si inaonekana humo ndani?" Nikakosa la kusema. Herufi zenyewe ndo mawifi. M kakaa kitako magoti yamepanuka kama bibi kwenye mkeka. A na W, zile zile zilizoniletea aibu, kazisogeza mpaka zimegusana vichwa, zinanong'onezana. I ya kwanza imesimama wima inasikiliza huku inajifanya haisikii. F imenyoosha mkono inamsuta mtu. I ya mwisho imegeuza mgongo, imenuna. Rangi ni nyekundu na nyeusi juu ya nyeupe, kazitoa kwenye kisutu, ile kanga ya bibi harusi, na chini kwenye kiboksi kama jina la kanga kaandika kwa herufi zilizonyooka ONJA KWANZA MANENO BAADAYE.

Lakini haikuwa imefika. Na hili ndo watu wengi hatulifanyi, tunaipenda kazi kwa sababu tunajua imeandikwa nini. Yeye alikuja nayo imeprintiwa, tukaenda kwa mama lishe wa hapo mtaani, akamuonyesha sekunde mbili akaificha, mama umesoma nini. Akasema "Mamifi". Tukamuuliza boda, naye Mamifi. Ile W alivyoichora imekaa imekuwa kama M nyingine. Akarudi nayo, akapunguza magoti, akaipa ncha chini, siku tatu hivi, tukarudi kwa mama lishe akasoma vizuri halafu akauliza sasa huyu wa mwisho kanunia nini. Hapo dogo akafunga kompyuta.

Mengine ya haraka. Kubaliana mapema utarekebishiwa mara ngapi, sisi tulisema tatu, usimfanye mtu mtumwa kwa kuwa umemlipa. Omba faili la vekta, lile linalokuzwa bila kuharibika, sio picha ya WhatsApp tu, maana siku ukitaka bango la ukutani ile picha itatoka vinyoya vinyoya. Ongeeni mchoro ni wa nani na wewe unaruhusiwa kuutumia wapi, mkaandikiane, hata karatasi moja, sheria ya hakimiliki tuliyonayo ni ya 1999 lakini kujuana ndo kunatuponza. Na usitake kila kitu kichekeshe. Viungo, uzito, tarehe ya kuisha, hivyo nilitaka navyo vichorwe chorwe akakataa katakata, kaviandika kwa fonti ya kawaida inayosomeka hata na mtu wa miwani, akasema mtu mwenye mzio wa kitu hataki utani. Kweli kabisa. Hata tangazo la kukatika maji likiandikwa kwa mbwembwe mi nitalichana.

Mauzo nisiwadanganye, sijui kama lebo ndo imeyapandisha au ni msimu wa maembe, maana vilikuja pamoja. Ninachojua ni kwamba watu sa hivi wanakishika kichupa wanakizungusha kwanza kabla ya kuuliza bei, na kuna mteja wa Posta anarudisha vichupa vitupu vikiwa vimeoshwa kwa sababu anaona vibaya kuvitupa.

Kesi iliyobaki ni ya nyumbani. Niliwapelekea mawifi kila mtu kichupa chake, wakakaa sebuleni kwangu wakaanza kugawana herufi. Wa katikati kachukua M bila ubishi, mdogo kasema yeye ni ile I inayosikiliza, na wifi mkubwa kaikodolea macho lebo muda mrefu, akaiweka mezani, akaniuliza, "Huyu aliyegeuza mgongo ni nani?" Nikasema wifi, hiyo ni herufi tu. Akasema haya. Toka siku hiyo hajanipigia, na embe za wiki ijayo zinatoka shambani kwake.