Mume ninayemjua na dere niliyemsikia, yupi ndiye yeye?

Maswali yenu ya mwezi huu karibu yote yanazunguka kitu kimoja, watu wanataka kujua mtu fulani ni nani haswa. Nimechagua manne. La kwanza nimelijibu kwa urefu kwa sababu limenikaa kichwani tangu nilisome, hayo mengine tutaenda mbio kidogo.

Mwalimu, habari ya kazi. Mume wangu ni dere wa matatu, tumekaa pamoja karibu miaka kumi, na nyumbani ni mpole mpaka majirani huniuliza kama huwa anaongea. Juzi nilikuwa natoka Muthurwa na mzigo nikapanda gari bila kuangalia, kumbe ni lake, nikakaa siti ya nyuma kabisa. Yale nilisikia! Anatukana watu wa boda, anaovalap Jogoo Road yote, mama mmoja akaomba aendeshe pole pole akaambiwa anunue yake. Sikujitambulisha. Sasa akifika jioni anauliza "watoto wamekula?" na ile sauti yake ya chini, mimi namwangalia tu. Ni yupi ndiye mume wangu? – Mama Wawili, Umoja

Mama Wawili, pole sana, ingawa hapo kwa "nunua yako" nimecheka kwanza ndio nikaendelea kusoma.

Wote wawili ni yeye. Lakini usiwaweke kwa mizani moja, kwa sababu mmoja umemwona karibu miaka kumi, kwa njaa na kwa shibe, na huyo mwingine umemsikia safari moja kutoka mjini hadi Umoja. Hulka ya mtu ni kile anachotembea nacho kila mahali, vile anawaza, vile anahisi, vile anachukulia mambo yakimwendea mrama, na hiyo huwezi kuiona kwa macho, unaijua pole pole kwa kuangalia mambo mengi kwa muda mrefu. Matendo ndiyo yanaonekana, na matendo hayatoki kwa mtu peke yake. Kurt Lewin, mwanasaikolojia Mjerumani aliyehamia Marekani, aliandika mwaka 1936 kwamba kile mtu anafanya kinatokana na yeye mwenyewe pamoja na pale alipo wakati huo. Sasa muweke mumeo hapo alipokuwa: jam ya Jogoo Road, mwenye gari anangoja hesabu yake jioni iwe mvua iwe jua, makanga anagonga bodi, trafiki wako mbele, na nyuma kuna gari nyingine ya Umoja inataka kumnyang'anya abiria wa steji inayofuata. Hata mzee wa kanisa ukimpa hiyo kazi mwezi mmoja utamsikia.

Na si kukisia. Wale mlikuwa na akili mwaka 2004 mnakumbuka sheria za Michuki, waziri wa uchukuzi wakati huo, zilipoanza kufanya kazi ule mwezi wa pili, mikanda kila siti, spidi gavana ya kilomita 80 kwa saa, abiria 14 kwa nissan na hakuna kusimama, makanga na yunifomu. Madere wale wale tuliokuwa tunawaita wazimu wakaanza kuendesha kama wamebeba mayai! Waziri hakuwabadilisha hulka, aligusa mazingira tu, na ndio maana vile ukaguzi ulilegea mambo yakaanza kurudi yalikotoka. Baadaye watafiti wakabandika stika ndani ya matatu za masafa marefu hapa Kenya, za kuwaambia abiria wasinyamaze dere akiendesha vibaya, na madai ya bima ya magari hayo yakashuka kwa nusu hadi theluthi mbili. Stika tu, jamani.

Kuna nyingine ya watafiti mimi huipenda sana kwa sababu ilifanyiwa wanafunzi wa uchungaji, kule Princeton, Marekani, na John Darley na Daniel Batson wakaichapisha mwaka 1973. Waliwaambia waende jengo lingine wakatoe hotuba fupi, wengine hotuba yenyewe ilikuwa ya Msamaria Mwema, halafu njiani wakaweka mtu ameinama, anakohoa na kugumia. Wale hawakuwa na haraka, asilimia 63 walimsaidia. Walioambiwa wamechelewa, asilimia 10. Kuna hata waliomruka yule mtu wakienda kuongea juu ya Msamaria Mwema, na sidhani kuna mtu anaweza kusema hao wote walikuwa na roho mbaya, walikuwa na haraka, na haraka ndiyo mumeo anaishi ndani yake kuanzia asubuhi ikiwa bado giza.

Lakini usiniskie nikisema mumeo hana lake hapo, kwa sababu si kila dere hutukana. Wanasaikolojia Yuichi Shoda na Walter Mischel na wenzao walikaa wakiwachunguza watoto kwa kambi moja ya likizo huko Marekani, wakachapisha matokeo 1994, na wakaona kwamba watoto wawili wanaweza kuwa wakali kiasi kimoja ukihesabu jumla, lakini mmoja hulipuka akionywa na mtu mzima na mwingine hulipuka akichokozwa na watoto wenzake, na hiyo inajirudia kila mara. Hapo kwa "akifanyiwa hivi, yeye hufanya vile" ndipo hulka hujitoa nje ukaiona. Kwa hivyo wacha kuuliza kama mume wako ni mpole ama ni mkali, uliza huwa mkali lini. Kodi ikichelewa na keateka akagonga mlango mbele ya watoto, anakuwaje? Mtoto akimwaga chai juu ya simu yake? Dadako mdogo akimpinga mezani? Kama hapo kote amebaki na ile sauti yake ya chini basi yale ya gari mengi ni ya gari. Lakini kama ukikumbuka vizuri unapata kwamba kila akiharakishwa na mtu anayemwona yuko chini yake, kwa duka, kwa harusi, kwa simu, huwa anatema maneno, hapo umeshika kitu chake mwenyewe, kwa gari mlio wake umepanda tu.

Na nikuulize, yule mama alipoambiwa anunue yake, wewe ulisema nini? Ulinyamaza. Sasa wewe ni mtu asiyejali wengine? Najua utaniambia hapana Mwalimu, nilikuwa nimeshtuka, nilikuwa na mzigo, nilikuwa naona aibu. Yako umeyaeleza kwa hali iliyokuwepo, yake unayaeleza kwa roho yake. Wanasaikolojia Edward Jones na Richard Nisbett waliliandika hilo mwaka 1971 likawa somo zima chuoni, hapa kwetu tulishasema nyani haoni kundule.

Mwambie ulikuwa ndani ya gari. Mwambie leo, watoto wakishalala, na umwambie pia ulinyamaza.

Mwalimu, kijana wangu wa gredi ya sita alichukua mia mbili kwa mkoba wa shosho yake. Sasa upande wa babake (tuliachana) na hata upande wangu wanasema mtoto wa nyoka ni nyoka, ati nimtoe hiyo roho ya wizi mapema. Nimekosa usingizi. – Githurai 45

Mama, lala. Miaka ya 1920 huko, Hugh Hartshorne na Mark May waliwapima maelfu ya watoto wa shule Marekani, wakawawekea mitego ya kila aina, nafasi ya kuibia kwa mtihani, nafasi ya kudanganya kwa michezo, nafasi ya kubaki na pesa, wakachapisha 1928. Walitarajia kupata watoto waaminifu huku na wezi kule. Wakapata mtoto aliyeibia kwa mtihani hakugusa pesa, na wa pesa alikuwa safi kwa mtihani, yaani kwa kujua alichofanya hapa huwezi kukisia vizuri atakachofanya pale. Walio safi kila mahali walikuwa wachache, na wabaya kila mahali pia wachache.

Sasa hiyo ya nyoka. Ni kweli hulka ina sehemu ya kurithi, utafiti wa mapacha unaonyesha karibu asilimia 40 mpaka 50 ya tofauti kati ya watu inatokana na damu, lakini hizo ni tofauti kati ya watu wengi, huwezi kuchukua mtoto mmoja ukasema nusu yake ni babake. Na kinachorithiwa ni vitu kama wepesi wa kushtuka, kupenda kujaribu mambo, kukosa subira. Hakuna mtu alirithi mia mbili ya shosho.

Muulize ilikuwa ya nini. Muulize kwa upole kwanza, maana mara nyingi ukifuata hiyo pesa unafika kwa deni la kijana mkubwa shuleni ama chipo za wenzake wote wana yeye hana. Airudishe kwa mkono wake, aombe msamaha, ikiwezekana alipe kwa kumchotea shosho maji. Ukisikia sasa ni kwa jirani, ni kwa duka, ni shuleni, na inajirudia muhula baada ya muhula, hapo uniandikie tena, na uongee na mwalimu wake pia. Lakini hao ndugu wanaomwita mwizi akisikia, hao ndio ningewatoa kwa sebule kabla ya kumtoa mtoto chochote, kwa sababu mtoto akishapewa jina na watu wazima huanza kulivaa.

Mwalimu niaje, kwa intavyuu moja nilifanyishwa testi ya kompyuta wakasema mimi ni introvati wa herufi nne, wakaninyima kazi ya mauzo. Nikafanya hiyo hiyo testi kwa simu wiki chache baadaye nikawa ekstrovati. Kanisani nako tulikuwa na semina nikaambiwa mimi ni melankoli. Mimi ni nani? – Kijana, Kasarani

Wewe ni kijana aliyechoka kujaza fomu.

Hiyo ya herufi nne ilitengenezwa na mama na binti yake, Katharine Briggs na Isabel Briggs Myers, Wamarekani, wakichota kwa kitabu cha Carl Jung cha 1921. Hakuna kati yao aliyesomea saikolojia. Shida yake ni kwamba inakata watu vipande viwili, introvati, yaani mtu mkimya, huku, ekstrovati, yaani mtu wa watu, kule, na watu wengi wako katikati, kwa hivyo ukijibu swali moja mbili tofauti kwa sababu siku hiyo umelala vizuri, herufi inageuka, na watu huona umegeuka wewe. Ya melankoli, sanguini, koleriki na flegmatiki ni kongwe zaidi, inatoka kwa Wagiriki, tabibu Galen wa karne ya 2 ndiye aliieneza, na msingi wake ni kwamba mwili una damu, kohozi, nyongo ya njano na nyongo nyeusi, na kilichozidi ndicho kinakupa hulka. Udaktari uliacha hayo mambo zamani, semina bado.

Mbona basi ukisoma unaona ni wewe kabisa? Mwaka 1948 mwalimu wa chuo Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 testi, kisha kila mmoja akapewa maelezo "yake" ayape alama mpaka 5. Wastani ukawa 4.26. Wote walikuwa wamepewa karatasi moja, maneno mengi ameyatoa kwa kitabu cha nyota. (Na wewe wa Kayole uliyeniuliza kama Nge anaweza kuolewa na Ng'ombe, jibu lako ndilo hilo.)

Wanasaikolojia wengi siku hizi hutumia pande tano: kupenda mambo mapya, kuwa makini na kazi, uchangamfu kwa watu, kuelewana na wengine, na wepesi wa kusumbuka moyoni. Hakuna sanduku hapo, kila mtu ana kiasi chake cha kila upande. Nayo pia ina mipaka yake, ilipopimwa kwa Watsimane wa Bolivia, jamii ya wakulima na wawindaji, hizo tano hazikujipanga hivyo. Lakini ni bora mara kumi kuliko herufi. Na waliokunyima kazi walifanya kosa lingine hapo, hata mtu mkimya huuza vizuri akijua bidhaa yake. Intavyuu ijayo omba wakupe bidhaa uiuze hapo mbele yao dakika tano, wakuone ukifanya.

Niko na miaka 34 na siwezi kuongea mbele ya watu hata kwa chama chetu cha wanawake kumi na wawili. Mathe anasema tabia haina dawa. Ni ukweli? – Rongai

Mathe ana wenzake wakubwa, William James mwenyewe, mwanasaikolojia Mmarekani, aliandika mwaka 1890 kwamba ukifika 30 hulka imeshakauka kama plasta. Lakini waliofuata watu miaka mingi wamekuta watu huendelea kubadilika baada ya hapo, kwa wengi umakini unaongezeka na kusumbuka moyoni kunapungua kadiri umri unavyosonga, polepole sana, hutaiona mwezi kwa mwezi.

Usianze na hulka basi, anza na tendo. Nathan Hudson na wenzake walichapisha mwaka 2019 utafiti wa wanafunzi waliotaka kubadilika, kila wiki wakichagua vijikazi vya kufanya, na waliobadilika ni wale walivifanya, wale walivichagua tu wakaviacha hawakufika mahali. Kwa hivyo kikao kijacho usiombe kuhutubia. Omba usome majina ya waliolipa. Ni karatasi, macho yako yako chini, hakuna anayekuangalia kwa sababu kila mtu anasikiliza kama jina lake limetajwa. Ukizoea hiyo, soma pia ya ambao hawajalipa, hapo utaongea tu hata usipotaka, kwa sababu watakujibu.