Saa ya kompyuta inarudi nyuma kila umeme ukikatika

SWALI: Habari za kazi. Nina kompyuta ya mezani ya mtumba kwenye duka langu la steshenari. Kila umeme ukikatika, nikiiwasha nakuta tarehe imerudi miaka kadhaa nyuma na tovuti zinagoma kufunguka. Juzi imezidi: skrini ya buluu, imeandika INACCESSIBLE BOOT DEVICE. Fundi anataka kufuta diski aweke Windows upya. Nimruhusu?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Asifute kitu kwanza. Anza na betri ya ubao mama (motherboard, bodi kuu iliyo ndani ya kompyuta), ile ya duara mfano wa sarafu. Ndiyo inayoendesha saa mashine ikikosa umeme. Tovuti zinagoma kwa kuwa vyeti vyake vya usalama vina tarehe ya kuanza. Kompyuta inayodhani bado tuko 2015 huona cheti cha mwaka huu hakijaanza kutumika.

Skrini ya buluu nayo huenda imetoka hapohapo. Kwenye mashine nyingi, hasa za zamani, betri ikifa mipangilio ya BIOS, programu ndogo ya ubao mama inayotangulia Windows, hurudi ya kiwandani. AHCI na RAID ni namna mbili za mashine kuwasiliana na diski. Kama Windows iliwekwa diski ikiwa kwenye AHCI, na sasa BIOS imejirudisha RAID, Windows inashindwa kuisoma diski yake yenyewe.

Nunua CR2032, volti 3. Angalia maandishi yake, maana CR2025 ina upana uleule wa milimita 20 lakini unene wake ni 2.5 badala ya 3.2, hivyo hucheza kwenye kikalio na tatizo linarudi. Zima mashine, chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 10 ili chaji iliyobaki iishe. Gusa chuma cha kasha. Sukuma kibanio kando kwa ukucha na betri itachomoza yenyewe. Mpya ikae upande wa + ukitazama juu.

Ukiwasha, ili kuingia BIOS gonga F2 mfululizo kama ni Dell, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkCentre ya Lenovo. Piga picha kila ukurasa kwa simu kabla ya kugusa chochote. Weka tarehe na saa. Halafu tafuta “SATA Operation” au jina linalofanana nalo: ikiwa ni RAID, weka AHCI, hifadhi, jaribu. Ikigoma, irudishe ilivyokuwa. Kwa mashine yenye diski moja, kubadili hapa hakufuti faili hata moja.

Ukipita hapo ukaambiwa hakuna diski ya kuwakia, tazama humo BIOS palipoandikwa UEFI na Legacy, yaani njia mpya na ya zamani ya kuwasha Windows. Diski iliyogawanywa kwa mpangilio wa zamani, MBR, huwasha Windows kwa Legacy, ya mpangilio mpya, GPT, kwa UEFI. Ni mbili tu, jaribu zote.

SWALI: Nataka kompyuta ya kamera za dukani ijiwashe umeme ukirudi. Inawezekana?

JIBU: Ndiyo. Ingia BIOS: kwenye Dell ni “AC Recovery”, kwenye HP “After Power Loss”. Chagua “Power On”. Ila umeme wetu ukirudi huja kwa kurukaruka, na mashine itawaka katikati ya vurugu hiyo, kwa hiyo ipitishe kwenye UPS (kifaa chenye betri ya akiba) au kilinda umeme chenye kuchelewesha dakika chache, kama kile cha friji.