Ukipiga picha kinyago cha mpiga ngoma, anza na mikono

Kinyago cha mwanamuziki kina jambo ambalo kinyago cha mama aliyejitwika mtungi hakina: fundi amemkamata mtu katikati ya sauti. Kiganja kiko juu ya ngoma na bado hakijatua. Mashavu yamejaa pumzi ambayo haijatoka. Ukiingia kwenye chumba cha maonyesho na simu yako, ukasimama mbele ya kinyago na kukipiga kuanzia utosini hadi kwenye kitako kama unampiga mtu picha ya kitambulisho, utatoka na picha ya mti uliochongwa vizuri. Muziki utakuwa umeuacha humo ndani. Kwa hiyo tafuta kwanza ni wapi kwenye kinyago sauti inatokea, kisha mwanga, kimo na umbali uvipange kwa ajili ya mahali hapo. Mengine yote nitakayosema yanatoka kwenye hilo.

Mimi naishi Tabora. Mkate wangu unatoka kwenye harusi, kipaimara na mahafali. Vinyago navipiga kwa mapenzi, na mara nyingine kwa mafundi wanaotaka picha za kuwatumia wateja wao wa mbali. Na huu ni mji wenye masikio. Tabora Jazz na Kiko Kids ni bendi za hapa, na wapo wazee ambao hata leo ukiwagusia muziki wa dansi watakuonyesha kwa vidole, hewani, jinsi mpiga solo alivyokuwa akitembea kwenye shingo ya gitaa. Mtu wa namna hiyo akioneshwa kinyago cha mpiga gitaa, haangalii sura. Anaangalia vidole, ajue kama fundi aliwahi kumtazama mpiga gitaa kweli au alikisia tu. Picha yako ikificha vidole, umemnyima kile alichokifuata.

Kabla ya kutoa simu mfukoni, kizunguke kinyago polepole, mzunguko mzima. Kwa mpiga ngoma, angalia nafasi iliyopo kati ya kiganja na ngozi ya ngoma. Ukisimama mbele kabisa, mkono unalala juu ya ngoma na ile nafasi inapotea, inakuwa kama amepumzisha mkono mezani. Sogea upande wa mkono ulioinuliwa, teremka mpaka jicho lako liwe sawa na wamba wa ngoma, na ghafla utauona mwanya. Pigo lenyewe liko kwenye mwanya huo. Ukishaupata, hakikisha kinachoonekana nyuma yake ni kitu kimoja kisafi: ukuta mtupu, au kitambaa. Mwanya ukijaa miguu ya viti na waya wa feni, hakuna atakayeuona.

Hili la nafasi tupu wachongaji walilijua zamani sana. Kwenye Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia mjini Athens, Ugiriki, kuna sanamu ndogo ya marumaru ya mpiga kinubi iliyotoka kisiwa cha Keros, yenye umri wa zaidi ya miaka 4,000. Kinubi kina fremu tu, nyuzi hazikuchongwa. Mtu ameketi, kichwa amekiinua nyuma, na macho ya mtazamaji ndiyo yanayozitia nyuzi mahali pake. Mpiga picha akiijaza ile fremu na takataka za nyuma, kinubi kimekwisha.

Wapuliza vyombo wana kanuni yao. Zumari na filimbi nyingi hupulizwa kwenye ncha, kwa hiyo ubavuni ndiko kunakoonyesha jinsi mdomo ulivyokutana na chombo. Baragumu hupulizwa ubavuni mwa pembe yenyewe, na hapo mambo yanageuka: lazima utafute mahali pa kusimama ambapo tundu na midomo vinaonekana pamoja, la sivyo mtu ataonekana ameng'ata pembe ya ng'ombe. Ukipata nafasi ya kutazama picha za sanamu za shaba za wapiga baragumu kutoka ufalme wa zamani wa Benin, ulioko Nigeria ya leo, zile zilizoko British Museum mjini London, zitazame kwa jicho hilo, utaona jinsi picha ya mbele na picha ya robo upande zinavyosema mambo mawili tofauti.

Mpiga zeze ni mgumu kuliko wote. Upinde ni mwembamba, na ukiangukia mbele ya kitu chenye rangi ya mti, unayeyuka. Geuka mpaka upinde wote, kuanzia kwenye vidole hadi kwenye ncha, uwe mbele ya kitu cheusi au cheupe. Ikibidi kidevu kikatike kwenye picha ili upinde ukae, kikatike.

Sasa mwanga. Taa ya simu izime na usiiwashe tena mpaka utoke. Inapiga kutoka mbele, inafuta vivuli vyote, na kwenye kinyago kilichong'arishwa inaacha doa jeupe katikati ya paji la uso. Unachokitaka ni dirisha, na dirisha liwe ubavuni. Tabora jua letu ni kali, na mchana linapiga wima. Saa tatu asubuhi na saa kumi jioni ndipo dirisha linapotoa mwanga mlaini wenye mwelekeo. Muombe mwenye chumba akizime kile kitaa cha tyubu upande wa dirisha lako. Mwanga wa dirisha na wa tyubu ukichanganyika, upande mmoja wa uso wa kinyago unakuwa wa samawati na mwingine wa kijani, na hakuna programu itakayoziondoa rangi hizo zote mbili kwa pamoja. Chagua mmoja.

Ikiwa chumba hakina dirisha na tyubu ndiyo pekee iliyopo, basi ifahamu tabia yake. Umeme wetu ni wa hezi 50, na tyubu za zamani humeta mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, lakini kamera inaona: ukipiga kwa kasi kubwa ya shata, tuseme 1/500 ya sekunde, picha inapata michirizi ya mlalo. Ingia kwenye mpangilio wa kitaalamu wa simu, weka kasi ya 1/100 au 1/50, michirizi inaondoka. Kwa 1/50 mkono unaweza kutikisika, kwa hiyo egemea ukuta, banisha viwiko kwenye mbavu, au tumia stendi kama wenyeji wanaruhusu.

Mpingo unahitaji maelezo yake peke yake, maana vinyago vingi vya wanamuziki utakavyokutana navyo, hasa vya mkono wa Wamakonde, ni vya mti huo. Ni mti mzito kiasi kwamba kipande chake kikitupwa majini kinazama, na ndio mti ambao viwandani huko Ulaya wanautumia kutengenezea klarineti na oboi. Nikiona mpuliza zumari aliyechongwa kwa mpingo huwa nasimama kidogo, kwa sababu mtu na sauti yake vimetoka kwenye gogo moja.

Kamera haiupendi weusi. Ikiona kitu cheusi kimejaa kwenye kioo, inadhani chumba kina giza, inaongeza mwanga, na mpingo wako unakuwa wa kijivu kama mkaa uliokufa. Gusa skrini kwenye kinyago, kitatokea kile kialama cha jua, kivute chini taratibu mpaka weusi urudi kuwa weusi. Lakini hapo umbo linaweza kupotea, ukabaki na kivuli tu. Watu wengi wakifika hapa wanatafuta taa kali zaidi. Taa kali haisaidii. Mti mweusi unaong'aa unakuonyesha umbo lake kwa kuakisi kitu kilicho karibu nao, kwa hiyo kazi yako ni kuupa kitu cheupe cha kuakisi. Nunua karatasi ya manila nyeupe, ile ya dukani ya kuchorea chati za shule. Isimamishe ubavuni mwa kinyago, upande ulio mkabala na dirisha, nje kidogo ya picha. Isogeze mbele, irudishe nyuma, na huku unaangalia skrini. Utaona mstari mwembamba wa mwanga unazaliwa begani, unateremka kwenye mkono, unapita kiwiko na kuishia kwenye kifundo. Ukiigeuza manila kidogo tu, mstari unahama. Ufuatilie mpaka ufike kwenye vidole vinavyopiga, kisha mwambie mtu aishike hapo hapo. Katika yote niliyoyajua kwenye kazi hii, hakuna lililobadilisha picha zangu za mpingo kama hilo la manila.

Kuna vinyago vilivyopakwa dawa ya viatu ili vionekane vyeusi zaidi. Vinang'aa kila mahali kwa usawa na mstari wako unatawanyika. Kwa hivyo, isogeze manila mbali zaidi.

Mninga wetu hauna shida hiyo. Mti wa miombo, rangi yake ya kahawia yenye wekundu, nyuzi zake zinaonekana. Mwanga wa dirisha peke yake unautosha.

Kuhusu umbali, usiende karibu na lenzi pana ya simu. Mkono ulio mbele utavimba na kichwa kitasinyaa nyuma. Rudi hatua mbili, tumia zumu ya mara 2 kama simu yako ina lenzi ya pili, na ikiwa haina, rudi hivyo hivyo kisha kata picha baadaye. Kinyago kikiwa ndani ya kabati la kioo, gusisha lenzi kwenye kioo kama umeruhusiwa, na pembeni ufunike kwa kaniki. Kaniki ndiyo kitambaa bora nilichokiona kwa kuua mwakisiko: haimeti, ni nyepesi kubeba, na ukiitandika nyuma ya kinyago cha mninga inakuwa ukuta.

Vinyago vya kundi, kama bendi nzima au ile nguzo ya watu wa mtindo wa ujamaa, watu wengi waliobebana kwenye gogo moja, vinawachanganya wengi. Kwenye nguzo, mchague mtu mmoja anayepiga chombo na uwaache wengine wawe umati wake. Kwenye bendi, tafuta wawili wanaotazamana. Wale walioko Kigoma wana mahali pazuri pa kujifunzia hili: makumbusho ya Ujiji, penye sanamu za Livingstone na Stanley wakisalimiana, kukumbuka walivyokutana mwaka 1871. Hawapigi muziki, lakini zunguka pale ukitafuta ni wapi nafasi kati ya watu wawili inaonekana vizuri, na utakuwa umeshajua namna ya kuwapiga mpiga ngoma na mwimbaji wake.

Hayo ni ya kamera. La watu lina uzito zaidi. Usiingie na kuanza kupiga. Bisha hodi, salimia, uliza. Sehemu nyingine hutoza ada ya kamera, nyingine hazitaki picha kabisa, na zote mbili ni haki yao. Kama fundi mwenyewe yupo, mazungumzo ni mafupi:

"Mwangaluka, baba. Naomba kupiga picha hiki kinyago cha mpiga manyanga."

"Mwangaluka, mwanangu. Picha unazipeleka wapi?"

Mjibu ukweli. Kama ni za kuuza, sema ni za kuuza, na mkubaliane fungu lake hapo hapo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi ya mchongaji maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufariki. Kununua kinyago hakukupi ruhusa ya kuchapisha picha yake kwenye kalenda au fulana. Nasema hivi kwa sababu nimeona picha za vinyago zikizunguka mitandaoni zikiwa na jina kubwa la mpiga picha pembeni, na jina la aliyekesha na tezo na patasi halipo popote. Linaniuma. Muulize fundi jina lake liandikwe vipi, mti gani, urefu wa kinyago, na chombo kile kinaitwaje kwao, kisha yaandike yote chini ya picha, jina lake likitangulia.

Ukikaa naye muulize pia ni nani aliyemwangalia alipokuwa anachonga. Fundi mmoja aliniambia mpiga ngoma wake ni mjomba wake, na kwamba mjomba alikuwa akipiga huku bega la kushoto limepanda. Nilirudi kwenye kinyago na kweli bega limepanda, jambo ambalo nilikuwa nimelipita. Picha tuliyoichagua ni iliyopigwa kutoka nyuma, upande wa kushoto, bega likiwa mbele na mikono ikichungulia chini yake. Uso hauonekani kabisa. Yeye ndiye aliyeichagua.

Na ukimtumia picha zake, usizitume WhatsApp kama picha za kawaida, zinabanwa na ule mstari wa mwanga kwenye mkono unachakaa. Zitume kama faili la hati. Au mpelekee iliyosafishwa kwenye karatasi, ukubwa wa A4, aiweke ukutani pale anapochongea, wateja waione.