Kucheza, kulia na kuanguka wakati wa kuimba: ni ibada au ni ngoma?

SWALI: Padri, Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mama, mwamini wa kigango kimoja huku Newala. Kwaya yetu ya vijana imepata kinanda na spika kubwa. Siku hizi wimbo wa matoleo unakwenda hata robo saa, wanacheza mpaka jasho linatiririka, watu wanatoka mabenchini kuwatunza noti. Kwenye mikesha baadhi ya mabinti hulia na kuanguka, na wangu ni mmojawapo. Wazee wanasema unyago umehamia kanisani. Vijana wanajibu kwamba hata Daudi alicheza. Nani yuko sahihi?

JIBU: Milele Amina, mama. Kila upande umeshika kipande cha ukweli, lakini vijana wameshika aya ambayo hawajaisoma yote, kwa hiyo nianze nao.

Ni kweli, Daudi alicheza mbele za Bwana kwa nguvu zake zote (2 Samweli 6:14), na mkewe Mikali aliyemdharau ndiye aliyelaumiwa. Ila sura hiyo ina maandamano mawili, siyo moja. Katika yale ya kwanza kulikuwa na vinubi, vinanda, matari na matoazi, Israeli yote ikishangilia (aya ya 5). Aya mbili mbele, Uza, mmoja wa walioliongoza gari la Sanduku la Agano, anakufa kando yake. Vyombo vilikuwepo, furaha ilikuwepo, umati ulikuwepo. Kilichokosekana kinaelezwa katika 1 Nyakati 15:13-15: Sanduku lilipakiwa kwenye gari jipya, wakati Walawi walipaswa kulibeba mabegani kama Musa alivyoamuru. Miezi mitatu baadaye wanarudia safari, safari hii kwa utaratibu, na Kenania anawekwa kuongoza uimbaji kwa sababu alikuwa stadi. Hapo ndipo Daudi anacheza na hakuna anayekufa. Basi kijana akimtaja Daudi, mwulizeni anazungumzia maandamano yapi. Joto la wimbo lilikuwa kubwa mara zote mbili.

Sasa wazee. Wengi wao, au wazazi wao, walilelewa na watawa Wabenediktini walioanzisha misioni ya Ndanda mwaka 1906 na kuleta uimbaji wa Kilatini wa kimonaki. Kwao kusimama wima na kunyamaza ndiyo heshima yenyewe. Ni malezi mazuri, lakini Kanisa halikuishia hapo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya Liturujia ya mwaka 1963, uliagiza muziki wa asili wa mataifa upewe nafasi yake. Mwaka 1988 Roma iliidhinisha Misale ya Zaire, yaani kitabu cha Misa cha Kongo ya leo, ambamo wahudumu huizunguka altare kwa kucheza wakati wa wimbo wa Utukufu. Na maelekezo ya Roma ya mwaka 1994 kuhusu utamadunisho, yaani kuiingiza Liturujia katika utamaduni wa watu, yanataja waziwazi makofi, kuyumba kwa mwendo wa wimbo na kucheza: vinaruhusiwa kwa watu ambao ndivyo wanavyoimba, kwa sharti kwamba iwe ni sala ya jumuiya nzima ya kuabudu, kusifu, kutoa na kuomba, wala isiwe maonyesho. Kwa hiyo anayesema ngoma kanisani ni upagani hasemi anachosema Kanisa.

Lakini wazee wana hoja moja nzito ambayo vijana hawaitaki: mdundo una kumbukumbu. Hapa kwetu Uwanda wa Makonde mtu mzima akisikia mpigo fulani, maneno ya wimbo wa unyago yanamjia kabla hajajua anaimba nini. Kiuno cha sindimba, ngoma ya Wamakonde, kina maana yake uwanjani, na maana hiyo haibaki nje ya mlango kwa sababu wimbo una jina la Yesu. Hapa msikisie. Waiteni akina mama watatu au wanne wa makamo waliopitia unyago, mwalimu wa kwaya awapigie ngoma peke yake bila maneno, kisha awaulize wamekumbuka nini. Wakicheka na kuangaliana, badilisheni mpigo. Ndugu zetu Waanglikana wa Masasi walifanya kazi ya namna hii zamani: Askofu William Vincent Lucas, askofu wao wa kwanza kuanzia 1926, hakuitupa jando yote wala hakuipokea yote, aliichuja, akaiweka chini ya sala na uangalizi wa Kanisa.

Tuje kwenye matoleo, maana hapo ndipo kigango chenu kimepotea kabisa. Wimbo wa matoleo unasindikiza vipaji. Unaanza vipaji vinapoondoka na unaendelea angalau hadi viwekwe juu ya altare. Kwa kanisa la kigango, beti mbili au tatu zinatosha. Wachezaji watangulie mbele ya vipaji, hatua fupi, mikono ikielekea altare, na wakifika ngazini wagawanyike kushoto na kulia ili wanaoleta mkate na divai wapite katikati. Wakibaki wamesimama kati ya altare na waamini, wakiwageukia waamini, tayari ni jukwaa. Padri akishapokea vipaji, wachezaji warudi mahali pao, na kwaya imalize ubeti. Anapofika "Salini ndugu", kila kitu kiwe kimya.

Mahali pengine panapokubali kucheza ni maandamano ya kuingia, Utukufu, na wimbo wa shukrani baada ya komunyo. Penye masomo, Sala ya Ekaristi na mageuzo ya mkate na divai, hapana. Na mpiga kinanda asiendelee kupapasa vitufe polepole padri anaposali, eti kuleta uwepo wa Mungu: maelekezo ya Roma ya mwaka 1967 kuhusu muziki mtakatifu yanasema ala zinyamaze padri anaposema kwa sauti maneno yaliyo yake. Maelekezo hayohayo yanataka ala zisifunike sauti za waimbaji hadi maneno yasisikike. Kwaresima ala ni za kushikilia uimbaji tu, isipokuwa Dominika ya Nne, sherehe na sikukuu.

Kupima sauti ni rahisi. Mchukue mtu aliyeketi benchi la mwisho bila kitabu, mwulize ubeti wa pili umesema nini. Asipojua, punguzeni besi kwanza, kwa sababu chini ya paa la bati ndiyo inayozagaa na kumeza herufi. Kisha zimeni ule mdundo wa kinanda unaojipiga wenyewe. Huo ni tatizo la pekee: haumsubiri padri, haumsubiri mzee anayepanda ngazi na kikapu cha korosho, unaendelea tu. Ngoma ya mkono na kayamba vinasubiri.

Kutunza noti kukome ndani ya Misa, na hapa sina maneno mengi. Saa ya matoleo kinachotolewa kinatolewa kwa Mungu. Ukimbandika mwimbaji noti kifuani, umemgeuza yeye kuwa mpokeaji. Noti iende kwenye kikapu. Mnaotaka kuwapongeza vijana, fanyeni hivyo nje baada ya Misa au siku ya tamasha la kwaya, na vigelegele juu.

Sasa machozi. Mtakatifu Augustino, katika Kitabu cha Kumi cha Maungamo yake, anakumbuka alivyolia kwa nyimbo za Kanisa alipoongoka, na bado anaungama kwamba akiguswa na sauti kuliko maneno yanayoimbwa, amekosa. Hata hivyo hakutaka uimbaji uondolewe, kwa kuwa huwainua walio dhaifu. Nami naona hapo ndipo pa kusimama: hisia si kosa, na hisia si ushahidi.

Si ushahidi kwa sababu zinaweza kutengenezwa, na wanamuziki wanajua namna. Kinanda kinashikilia sauti laini ya mfululizo, kiongozi anarudia mstari mmoja mara nyingi mno, wimbo unapandishwa nusu toni, mwendo unakazwa, taa zinapunguzwa. Ongeza kwamba ni saa nane usiku, tumbo tupu na kanisa lisilo na upepo. Mtu anayepaza sauti na kupumua harakaharaka kwa muda mrefu hupata kizunguzungu, vidole na midomo hufa ganzi, na anaweza kuzimia. Mwili wa aliye katika uwanja wa mpira hufanya vivyo hivyo. Roho Mtakatifu anaweza kumgusa mtu ndani ya hali hiyo, lakini kuanguka kwenyewe hakuthibitishi chochote. Manabii wa Baali walirukaruka tangu asubuhi mpaka jioni (1 Wafalme 18:26-29), wala hapakuwa na sauti. Mtume Paulo naye anataka kuimba kwa roho na kwa akili pia (1 Wakorintho 14:15), na anasema roho za manabii huwatii manabii. Aliyeguswa na Mungu hapotezi uwezo wa kukaa chini.

Kwa binti yako, usimkaripie na usimtangaze kuwa ana karama. Kabla ya mkesha ale na anywe maji. Akianza kutetemeka, mama mmoja amtoe nje polepole, amketishe, apumue taratibu kwa pua. Wasimzunguke kumpigia kelele, maana kelele humrudisha palepale. Akianguka hata mahali pasipo na muziki, akikakamaa au akijing'ata ulimi, mpeleke hospitali kwanza. Kisha siku mbili tatu baadaye, mkiwa jikoni wawili tu, mwulize wimbo ulisema nini na yeye alikuwa anamwambia Mungu nini. Akikujibu kwamba alikuwa na deni la kumsamehe mtu, msaidie aende akasamehe. Akikujibu kwamba hakumbuki neno lolote, ila ilikuwa tamu, mpeleke kwa katekista wenu akaanze naye Zaburi, moja kila jioni, asome bila kinanda.

Suala la kwaya usilipeleke kwenye soga za jumuiya. Liandikie kamati ya Liturujia ya parokia, na mwombe mwalimu wa kwaya awepo siku litakapojadiliwa.