Barua kwa mwanangu: moto kwanza

Mwanangu,

Umeniuliza kama tuuze mgahawa au urudi San Francisco uushike wewe. Kwanza niambie: tambi zako pana za mchele bado zinakatika? Mgahawa ni moto, mengine ni rangi za ukutani.

Nunua tambi za siku hiyohiyo. Zikilala kwenye friji wanga unakuwa mgumu, nazo zinavunjika. Basi zipitishe kwenye mvuke kidogo, uziachanishe kwa vidole. Sahani ya watu wawili ni gramu 400 za tambi na gramu 200 za nyama ya ng'ombe, iliyokatwa kwa kukatiza nyuzi, unene milimita 3. Nyama ikae nusu saa na robo kijiko cha chai cha soda ya kuokea, kijiko cha chai cha wanga wa mahindi, sosi ya soya na maji kidogo. Karai litoe moshi kabla ya mafuta. Nyama itoke ingali nyekundu kidogo. Sosi imwagie ukingoni mwa karai iungue. Ukiimwaga katikati inalowesha tambi. Na usipike sahani mbili pamoja! Karai linapoa, machipukizi ya choroko yanatoa maji, hapo unachemsha.

Babu yangu alilijua hilo kuliko wote, na ndilo linaloniuma. Sheria ya Marekani ya 1882 iliwafungia mlango vibarua wa Kichina, si wafanyabiashara, ambao waliweza kuleta wake zao. Mahakama ilipokubali mwaka 1915 kwamba mwenye mgahawa naye ni mfanyabiashara, watu wa Taishan, kwetu kule Guangdong, kusini mwa China, walichanga mitaji na kupokezana umeneja, ili kila mmoja ahesabiwe mfanyabiashara. Lakini meneja alitakiwa amalize mwaka mzima bila kupika wala kuhudumia meza, kisha mashahidi wawili wasio Wachina wamthibitishe. Basi babu, mpishi bora wa nyumba, alikaa na kola safi, akimtazama binamu yake akiunguza vitunguu saumu. Baba yako hulisimulia akicheka. Mimi sicheki. Lakini bila mwaka ule, bibi yangu angebaki Guangdong, na sisi tusingekuwepo.

Utasema jiko kali linanunuliwa popote. Kweli. Utasema pia kwamba babu aliteseka ili sisi tusikae jikoni. Hilo nalo kweli, na linanisumbua usiku. Ila moto haurithishwi kwa hati, na mkono usioushika unasahau. Nina neno langu kuhusu kuuza, limenifika kooni, nalimeza.

Mkataba wa pango unaisha Machi. Kabla hujamjibu mwenye jengo, njoo upike sahani kumi saa ya chakula cha mchana, mfululizo, moja moja. Mafuta yakituama ndani ya sahani ya kumi, moto umekushinda, tutazungumza bei ya kuuza.

Mama