Jibu: Buddy Rich fundi, au mbio tu?

Shekhe, umeuliza kama Buddy Rich, yule mpiga ngoma wa jazi wa Marekani, ni fundi kweli au ana mbio za mikono tu. Mbio anazo, lakini msikilize kwenye bendi yake kubwa ya 1966, si kwenye zile video za kushindana ambazo vijana wa Mji Mkongwe wanatumiana usiku kucha. Noti alikuwa hasomi. Akishausikia wimbo ukipigwa, keshaushika, na tarumbeta zote zinamfuata yeye. Huyo si wa kubezwa.

Ila mie ngoma inayozungumza naipata kwa Elvin Jones, mpiga ngoma aliyekuwa kwenye bendi ya mpuliza saksafoni John Coltrane tangu 1960 mpaka 1966. Tafuta albamu yao A Love Supreme, waliyoirekodi Desemba 1964. Mapigo ya tatu yanapishana na ya mbili, matoazi hayanyamazi, na bado hupotezi pa kukanyaga. Aliyecheza kidumbak harusini ataelewa upesi: ngoma moja inashika, nyengine inachokoza. Tafauti ni kwamba Elvin alizifanya zote peke yake.

Rich alisukuma bendi nzima, Elvin alibishana na saksafoni. Kwangu mie, Elvin kwanza. Wewe umesikiliza zipi?